Farasi mwenye wasiwasi ndani ya ukumbi asioujua

Wadogo zangu mnaokuja kufanya kazi ya farasi Ujerumani, wengi wenu usaisi mmejifunzia mahali pa wazi. Ngong, Naivasha, Arusha: farasi anaona mbali, na kikija kitu anakijua kabla hakijamfikia. Huku, miezi ya baridi, kazi karibu yote iko ndani ya ukumbi wa kupandia farasi wa mita 20 kwa 40, au 20 kwa 60 kwenye mazizi makubwa. Siku ya mafunzo au mashindano unampakia kwenye trela, unampeleka ukumbi wa watu wengine, na yule farasi mpole wa nyumbani anashuka shingo juu, macho yamemtoka, kinyesi laini mfululizo. Hajaharibika. Ana hofu, na hofu yake ina sababu.

Macho ya farasi yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo anaona karibu pande zote kwa wakati mmoja, isipokuwa kipande kidogo mbele ya paji la uso na kingine nyuma ya mkia. Lakini akitoka kwenye mwanga na kuingia kwenye giza, macho yake huchelewa kuzoea kuliko yako. Wewe umeshauona ukumbi mzima, yeye bado anapapasa. Juu yake kuna paa la bati linalogonga kwa upepo, njiwa wanaruka kwenye mihimili, na jua likitoka, theluji inaporomoka paani kwa kishindo. Ukutani kuna vioo vya mpandaji kujitazama, na farasi asiyevizoea anaona farasi mwenzake anamjia bila harufu. Kila sauti inarudi na mwangwi, hajui imetoka wapi.

Kwa hiyo mlangoni usiwe na haraka. Kabla ya kufungua, ita "Tür frei?" (mlangoni hakuna mtu?) na usubiri ujibiwe "Ist frei" (hakuna). Huo si ustaarabu wa bure: mlango ukifunguka ghafla, farasi wa watu walioko ndani watashtuka, na wako ataingia katikati ya vurugu. Ukishaingia, simama naye pembeni bila kuwazuia njia wengine, mwache atazame. Mkune pale shingo inapokutana na mgongo, mbele ya tandiko. Ndipo farasi wenyewe hukunana, na mapigo ya moyo hushuka. Kisha mtembeze kwa mkono, wewe ukiwa chini, ukumbi mzima, upande mmoja halafu mwingine. Kiti alichokipita vizuri kikiwa kushoto kwake anaweza kukishtukia kabisa kikiwa kulia.

Sasa umepanda. Hapa ndipo sikubaliani na ushauri utakaousikia sana: "Mpeleke mpaka pale anapoogopa, asimame, akitazame." Ukiwa chini umemshika kamba, sawa, anuse akitaka. Ukiwa juu ya mgongo usifanye hivyo. Ukimwelekeza uso kwa uso na kona inayomtisha halafu ukambana kwa miguu, umembakishia njia mbili tu: kurudi nyuma au kugeuka ghafla, na zote mbili zinakuangusha.

Fanya hivi. Tafuta sehemu ya ukumbi aliyotulia, mara nyingi karibu na mlango au walipo farasi wengine, na uanze kazi hapo. Ukumbi wa mita 20 kwa 40 una duara mbili za mita 20, moja kila nusu. Chukua duara la upande wake wa amani, ukianza kwa mwendo wa kutembea, halafu troti (mwendo wa kukimbia kidogo) ya polepole, na ubadilishe mkono, yaani upande wa kuzungukia, mara kwa mara ili awe na jambo la kufikiria. Ukiona sikio la ndani limekugeukia, shingo imeshuka, anatafuna lijamu taratibu na kupuliza pua kwa pumzi ndefu, sogeza duara mita moja kuelekea kule. Akikaza mgongo na masikio yote mawili yakasimama kuelekea konani, rudi pale ulipokuwa. Eneo la amani linapanuka kidogo kidogo, kama doa la mafuta kwenye karatasi, na kona ile inaingia ndani yake bila ugomvi.

Ukipita karibu na kinachomtisha, geuza kichwa chake kidogo upande wa ndani, shavu la mguu wako wa ndani likimgusa, na wewe utazame mbele unakokwenda. Usikitazame kitu chenyewe. Mwaka 2009 watafiti wa Uswidi walichapisha jaribio ambalo ningependa kila saisi alijue. Watu waliongoza au walipanda farasi kwenye njia ileile mara nne, na kabla ya mara ya nne wakaambiwa kwamba mwavuli utafunguliwa farasi akipita. Mwavuli haukufunguliwa. Hata hivyo mapigo ya moyo ya watu yalipanda, na ya farasi nayo yakapanda. Kwa hiyo toa pumzi, kwa sauti ikibidi, na uachie hatamu kidogo. Ukizikaza zote mbili kwa wakati mmoja anajiona amefungwa, na farasi aliyefungwa hutafuta pa kutokea.

Akishtuka na kukimbia, tumia hatamu moja tu, mwingize kwenye duara dogo mpaka apunguze mwendo, kisha endelea na kazi mliyokuwa mkiifanya. Fimbo usiiguse. Akipigwa konani, atajifunza kwamba kona ile kweli inauma. Ukiona hali inazidi, shuka mapema, ungali unaweza kuchagua pa kushukia, umalizie kwa mkono. Na kofia ngumu ni lazima, hata kwa kutembea tu.

Kuna pia wapandaji wenzako. Kwa desturi ya huku, anayezunguka kwa mkono wa kushoto, yaani kushoto kwake kukiwa ndani ya ukumbi, ndiye mwenye haki ya njia ya ukutani, na anayetembea huingia ndani kuwapisha wanaokwenda troti au kanta (mwendo wa kasi kuliko troti). Lakini ukisema mapema kwamba farasi wako ni mgeni na ana wasiwasi, watakupa nafasi. Sema tu, hata kwa Kijerumani cha kuungaunga.

Mwenye farasi naye zungumza naye mkiwa bado nyumbani, kabla ya trela kufungwa. Yeye amelipia saa ya ukumbi na angependa kuona kanta na kuruka. Mwambie safari ya kwanza ni ya kutembea na kuzoea, na umwombe mfike mapema, kabla ukumbi haujajaa. Ukilisema hilo kule mbele ya watu, farasi akiwa tayari anatoka jasho, halitasikika.