Muulize Fundi Saa: 316L, 904L na Saa za Kopi

SWALI: Shikamoo fundi. Nafanya kazi bandarini Tanga, mkono wangu haukauki jasho. Kuna muuzaji wa mtandaoni ana saa mbili za kopi ya Rolex, zinafanana kama shilingi kwa ya pili. Moja anauza 180,000, anasema kasha lake ni stenlesi ya 316L. Nyingine 340,000, eti hiyo ni 904L, "chuma chenyewe cha Uswisi". Kuna tofauti kweli au nataka kuibiwa? Marehemu baba aliniachia Seiko 5, lakini kioo chake kinaingia ukungu, nimeitupia kabatini.

JIBU: Marahaba mwanangu. Tofauti kati ya vyuma hivyo viwili ipo. Tofauti kati ya saa hizo mbili ndiyo siiamini.

Nianze na chuma. Stenlesi haishiki kutu kwa sababu ya kromi iliyomo ndani yake, ambayo ikikutana na hewa hujifanyia utando mwembamba usioonekana. Ukikwaruzwa, utando huo hujirudisha wenyewe. Adui yake mkubwa ni chumvi, na jasho lako lina chumvi, achilia mbali upepo wa bahari hapo bandarini. Chumvi hutafuta mahali dhaifu na kutoboa vitundu vidogo mithili ya ncha ya sindano. Dawa ya hilo ni molibdeni. Stenlesi ya kawaida ya masufuria, 304, haina molibdeni. 316L ina asilimia 2 hadi 3. 904L ina 4 hadi 5, tena imeongezewa shaba kidogo, kromi zaidi, na nikeli ya asilimia 23 hadi 28, karibu mara mbili ya ile ya 316L. Hiyo herufi L inasema tu kwamba kaboni ni kidogo.

904L ilitengenezwa kwa ajili ya viwanda vya asidi, si kwa ajili ya saa. Rolex walianza kuitumia kwenye makasha mwaka 1985, na siku hizi wanaiita Oystersteel. Ni ghali kwa sababu ya nikeli hiyo, na inasumbua kuchonga maana inang'ang'ania kwenye kifaa. Lakini usidhani ni ngumu zaidi. Zote mbili ni laini mbele ya mchanga wa ufukweni, zitakwaruzika sawasawa. Na watengenezaji wengi wanaoheshimika, Omega wakiwemo, wametumia 316L miaka nenda rudi na saa zao zinaingia baharini.

Sasa njoo kwa muuzaji wako. Utajuaje anachosema ni kweli? Sumaku haitakusaidia, zote mbili haziinasi. Mizani nayo haisaidii, uzito wake unakaribiana mno. Wanaosema 904L ni nyeupe zaidi wanaangalia mng'arisho, na mng'arisho ni kazi ya mkono wa fundi. Kinachotenganisha ni mashine ya eksirei ya kushika mkononi, kama ile ya wanunuzi wa dhahabu, inayosoma nikeli na molibdeni kwa sekunde chache. Hata hiyo haisomi kaboni, kwa hiyo ile L yenyewe utaipokea kwa imani. Mtu anayeuza saa yenye jina la kampuni isiyoitengeneza amekwisha kukudanganya kwenye uso wa saa. Kwa nini aseme kweli kuhusu kasha?

Mimi mezani kwangu ugomvi wa 316L na 904L haunifikii kabisa. Kinachonifikia ni zinki. Nimewahi kuletewa "stenlesi" ya kopi ning'arishe mkwaruzo, nikapitisha brashi mara tatu, ikatoka rangi ya kijivu iliyofifia: zinki iliyochovywa kromi. Mwenyewe alinikasirikia mimi, kana kwamba nimeibadilisha. Tangu siku hiyo, kabla sijagusa naangalia kwenye matundu ya pini za mkanda na ukingo unaosugua mkono. Pakiwa na malengelenge au rangi ya pili, narudisha. Na soma vizuri mgongo wa saa. Ukikuta "Stainless Steel Back", huo ni ukweli wa nusu: mfuniko wa nyuma ndio stenlesi, mwili ni kitu kingine.

Hata stenlesi halisi inaliwa ikiachwa chafu. Nina mteja anauza samaki Feri. Nilipofungua saa yake, chini ya mfuniko, pale mpira wa kuzuia maji unapokaa, palikuwa na vitundu na uchafu mweusi, ilhali nje inameremeta. Jasho lilijificha mahali pasipo na hewa na utando ukashindwa kujirudisha. Angeisuuza kwa maji baridi kila jioni, na kwa mswaki laini na sabuni mara moja kwa wiki, tusingefika huko.

Kwa hiyo usilipe hiyo 160,000 ya nyongeza. Na hata hiyo 180,000 usiitoe: hiyo ni bidhaa bandia, Tume ya Ushindani inazikamata, na ikiharibika utahangaika na vipuri. Ukungu kwenye Seiko ya baba mara nyingi ni mpira uliokauka, wa mfuniko au wa kifundo cha kurekebishia majira. Usiivae mpaka ifunguliwe, maana maji yakikaa ndani kutu itaanza kwenye mashine, na huko hakuna 316L wala 904L.

SWALI: Fundi, saa ya stenlesi inanitoa vipele mkononi. Nikinunua ya 904L yenye nikeli nyingi si nitaumia zaidi?

JIBU: Si lazima, dada. Kinachowasha ni nikeli inayotoka, si iliyofungwa ndani ya chuma, na stenlesi nzuri huishikilia. Ndiyo maana Ulaya wanapima kinachotoka: kisizidi mikrogramu 0.5 kwa sentimita mraba kwa wiki. Saa za kuchovya ndizo za kuogopa, ile rangi ya juu ikishalika. Kwanza osha mkanda, uvae saa ikiwa imelegea kidogo, mkono ukiwa mkavu. Vipele vikirudi, tafuta saa ya titani na umwone daktari wa ngozi. Kubadilisha mkanda tu hakutoshi, mgongo wa saa bado unagusa mkono.