Kwa mnaokwenda Guangzhou mara ya kwanza kufuata mzigo

Ikikaribia Aprili au Oktoba, vijana wa Ngamiani, hapa Tanga, huja dukani kwangu kuniuliza habari za Guangzhou, China. Wengi huulizia bei ya tiketi na hoteli. Hayo mtayapata kwa yeyote. Mimi nataka mjue namna ya kukaa mezani na mwenye mali, wadogo zangu, kwa sababu hapo ndipo mtaji hupona au huzama.

Kwanza msimu. Maonyesho ya biashara ya Canton (jina la zamani la Guangzhou), yaliyoanza 1957, hufanyika mara mbili kwa mwaka pale Pazhou, mtaa wa Guangzhou, kwa awamu tatu. Viatu na nguo viko awamu ya tatu. Ukiwahi ya kwanza utakuta mashine na vifaa vya umeme, na pesa ya hoteli imekwenda bure. Mwaka Mpya wa Kichina, kati ya mwisho wa Januari na Februari, usiende kabisa. Viwanda hufungwa, mafundi wanarudi kwao.

Ukishaketi, utamiminiwa chai kabla ya neno lolote la bei. Vikombe ni vidogo kama vya kahawa ya barazani kwetu, na sukari hamna. Usikatae. Mwenzako akikumiminia, kunja vidole viwili ugonge meza taratibu mara mbili tatu: ndiyo ahsante ya watu wa Guangzhou, wala huna haja ya kukatiza mazungumzo. Siku ya kwanza nilipogonga, mama mmoja muuza mabegi aliweka kalkuleta chini, akanitazama, akacheka, akanijazia tena. Bei tulianza kuigusa kwenye kikombe cha tatu, na tukaongea kama watu waliojuana.

Kadi ya biashara ipokee kwa mikono miwili, uisome, usiisokomeze mfuko wa nyuma wa suruali. Siku hizi wengi watakuomba WeChat, programu ya simu ya Wachina ya kutumiana ujumbe, basi ipakue ungali Tanga, maana WhatsApp na Google hazifunguki kwa intaneti ya kule. Zawadi, kikoi kinatosha. Saa ya ukutani usimpe mtu. Kwa Kichina maneno ya "kumpa mtu saa" husikika kama kumsindikiza marehemu. Chakula cha halali ulizia "qingzhen", utaonyeshwa.

Sisi watu wa pwani tunaijua ile inshallah ya mtu asiyetaka kukuvunja moyo. Kule nako ipo. Ukiuliza kama mzigo utakuwa tayari baada ya siku 20, akajibu "tutajaribu", au akavuta pumzi akanyamaza, jua amekwisha kukwambia hapana. Usimbane aseme ndiyo. Muulize soli za aina hiyo anazo ngapi stoo leo, na mafundi wangapi. Na kosa likitokea, usimfokee mbele ya vijana wake. Ukimvunjia heshima pale, hata lile ambalo angelirekebisha ataliacha.

Hayo niliyajua mapema. Lililoniumiza ni kudhani kwamba chai na kupeana mikono vinatosha. Niliagiza viatu vya shule vya watoto, pea 600. Sampuli ilikuwa na soli laini, unaikunja kwa mkono mmoja. Nikalipa asilimia 30 ya kutangulia, kama ilivyo desturi ya viwanda vingi, na zile 70 nikazituma nikiwa nyumbani, bila mtu wa kukagua. Tulipofungua maboksi hapa Barabara ya 12, soli ngumu kama kigae. Ukiikunja inapasuka mstari katikati. Nikapiga simu. Akaniambia kwa upole kabisa kwamba alinionyesha na nikakubali. Ningebisha na nini? Sampuli niliiacha mezani kwake.

Tangu siku hiyo nachukua sampuli mbili. Zote tunazitia saini kwa kalamu isiyofutika, moja anabaki nayo, nyingine napanda nayo ndege. Asilimia 70 haitoki mpaka mtu wangu afungue maboksi ya katikati ya rundo, si yale yaliyopangwa mbele, na anitumie picha. Hilo nalo ulipatanie wakati wa chai, mapema, wakati hakuna mwenye hasira. Wako mbele yetu saa 5, kwa hiyo picha zisipofika kabla ya adhuhuri ya hapa, ujue kwao kazi inafungwa.

Pea moja ya vile viatu bado iko chini ya kaunta yangu. Anayekuja kuulizia tiketi, kwanza nampa aikunje.