Jibu: Wakala wa lakrosi anataka laki nane

Mdogo wangu wa Ujiji, nimekusoma: umemaliza kidato cha sita, una mbio, na wakala anadai laki nane akuingize ligi ya lakrosi, ule mchezo wa kudaka na kurusha mpira kwa fimbo yenye wavu, huko Marekani. Usitoe hata mia. Ligi za kulipwa za huko, PLL na NLL, huchukua zaidi waliokwisha kung'ara vyuoni, na hata hao wengi wana kazi nyingine pembeni.

Mlango wako ni shule. Vyuo vya Marekani hupangwa kwa madaraja ya michezo, si ya matokeo ya mtihani: vya Divisheni ya I na II vinaweza kutoa ufadhili wa michezo. Vya Divisheni ya III havitoi. Chuo kikikupokea kinakupa fomu ya I-20, ndiyo unayoombea viza ya mwanafunzi, F-1, ubalozi wa Marekani Dar. Mwambie huyo wakala akuonyeshe I-20 yenye jina lako, kisha uithibitishe chuoni mwenyewe. Atapotea, utaona.

Uganda walicheza Kombe la Dunia la lakrosi 2014 kule Denver, Marekani. Waandikie chama chao kuhusu mazoezi. Kwa sasa tafuta fimbo fupi, ya mita moja hivi, na ukuta. Rusha mpira ukutani kwa mkono wa kulia mara 50, wa kushoto 50. Mpira ukirudi na kuingia wavu wa fimbo, rudisha fimbo nyuma kidogo. Ukiikaza, unadunda nje. Ukigongwa kichwa ukasikia kizunguzungu, acha papo hapo, nenda hospitali ya Maweni.