Mleta mada unayehamia Njombe: jiko linalala nje

Mkuu, acha kabisa. Nimesoma bandiko lako mara mbili. Unahamia Njombe mwezi wa sita na mke na mtoto wa miezi mitano, unauliza bei za vyumba, blanketi gani linafaa, heta inakula umeme kiasi gani. Halafu mwishoni, kama utani, unaandika: "au tutaingiza jiko la mkaa chumbani, dirisha tunaacha wazi kidogo." Mengine wadau watakujibu. Mimi nimeganda hapo kwenye jiko, maana lilitaka kunizika.

Nilihamishiwa Njombe kikazi 2017 kutoka Tanga. Ili ujue nilivyokuwa mgeni wa baridi, nilishuka stendi nimebeba feni. Konda alinishushia huku anacheka, nikadhani ni ukarimu.

Mzee mwenye nyumba akanionea huruma, na balaa likaanzia hapo. "Mwanangu, mkaa mbaya ni ule unaofuka. Ukishaiva wote ukawa mwekundu, ingiza ndani, funga mlango ulale. Ukiogopa weka beseni la maji pembeni, linavuta sumu." Akanipa na kipande cha gunia nizibe chini ya mlango. Kodi ya miezi sita nimemlipa taslimu, na kifo ananiongezea bure.

Nikafuata yote, gunia na beseni. Nilikuwa na mdogo wangu wa kidato cha tatu, amekuja likizo. Saa nne tukalala. Kichwa kilianza kugonga kabla hata usingizi haujanichukua, nikasema ni baridi hii sijaizoea.

Kilichoniokoa si akili, ni chai. Nilikuwa nimekunywa vikombe vitatu vya tangawizi, saa nane usiku mkojo ukaniamsha. Nashusha miguu, miguu haina habari na mimi. Nikaanguka, nikatambaa hadi mlangoni. Komeo lile nilikuwa nalifungua kila siku kwa wiki tatu, lakini mkono ulilishika ukasahau linavutwa upande gani. Nakumbuka nimelikodolea macho nimetulia kabisa, najiambia ngoja nijilaze kidogo hapa sakafuni, nitajaribu baadaye. Kile kitulizo ndicho kinachoua watu, mkuu. Hukabwi, hukohoi, hushtuki. Unaona tu raha kulala.

Sijui lilifunguka vipi. Nikaangukia koridoni, mama wa chumba cha pili akatoka akidhani mwizi. Yeye ndiye aliyemburuta dogo nje kwa kumvuta fulana. Dogo haamki, ametapika kwenye mto.

Zahanati tuliyokimbilia wakanivalisha kipimo cha kidoleni, kikasoma 98. "Oksijeni iko vizuri," mhudumu anasema, huku ananinusa mdomo. Pombe hakuikuta, akaandika malaria. Malaria ya watu wawili, usiku mmoja, kitanda kimoja! Asubuhi hospitalini daktari aliuliza swali moja tu: "Mlilala na jiko?" Hapohapo tukawekewa oksijeni ya barakoa. Akanieleza kwamba kaboni monoksaidi inaing'ang'ania himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na kipimo kile cha kawaida hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba sumu. Kioo kinaonyesha 98 wakati ubongo unakosa hewa. Kwa hiyo ukisikia nyumba nzima wameamka na kichwa na kichefuchefu, na wakitoka nje wanapata nafuu, usianze kutafuta mbu.

Dogo alirudi shule hivyohivyo. Kwa wiki kadhaa ulikuwa ukimtuma dukani anarudi kuuliza ametumwa nini.

Sasa huo mkaa "ulioiva" wa mzee. Moshi wa kawaida angalau unakuchoma macho ukakimbia. Hii gesi haina rangi wala harufu. Umewahi kuona ile miali ya buluu inayocheza juu ya makaa? Ndiyo yenyewe hiyo, inaungua. Miali ikizimika makaa yakabaki mekundu, gesi inaendelea kutoka, ila safari hii haiungui, inakufuata kitandani. Yaani mzee alinipa saa mbaya ya kuliingiza ndani, na alinieleza kwa kujiamini kama mtu aliyesomea. Beseni nalo, gesi hii karibu haiyeyuki kwenye maji. Litakufaa kunawa uso ukiamka. Ukiamka.

Na hilo dirisha lako la "kidogo" nalijua. Saa tatu liko wazi, saa saba baridi ya Njombe inaingia, mkeo anaamka analifunga kwa ajili ya mtoto, na nani atamlaumu? Mtoto wa miezi mitano anapumua haraka kuliko nyinyi, itampata kabla yenu. Usije ukaniambia una jiko banifu pia. Linatumia mkaa kidogo, sawa, lakini ni mkaa uleule.

Jiko linalala nje. Usiliingize "dakika kumi tu kupasha chumba," maana dakika kumi za mtu aliyechoka zinaishia asubuhi. Washa nje, pika nje, chemsha maji hukohuko, jaza ule mfuko wa mpira wa maji ya moto, kaza kifuniko, uzungushie kanga, weka miguuni. Mtoto naye mvalisheni soksi na nguo nzito, alale kwa joto la nguo.

Langu nililiacha barazani tangu siku ile. Mwezi wa nane mwizi akapita nalo, likiwa na majivu yake. Mama wa chumba cha pili akaniuliza kwa nini sikuwa naliingiza ndani, tukatazamana, akacheka mpaka akakaa chini. Nilinunua lingine, na lenyewe liko barazani, nimelifunga kwa mnyororo wa baiskeli.