Haidra wa kijani anakula, tena sana

Umeuliza kama ni kweli haidra wa kijani, yule mnyama mdogo wa majini, hali kitu, anaishi kwa jua tu. Hapana. Mwangalie kwa lenzi: kamwili ka milimita chache kamejishika kwenye jani la majini, minyiri inaning'inia. Kiroboto-maji, kidudu kidogo cha majini, akiigusa tu, anachomwa, anapooza, anamezwa mzima mzima.

Ukijani wenyewe ni wa mwani mdogo sana wa seli moja, aina ya klorela, unaoishi ndani ya seli za tabaka linalozunguka tumbo lake. Mwani hutengeneza sukari kwa mwanga na kumpa mwenyeji sehemu yake kama maltosi, aina mojawapo ya sukari. Yeye huupa naitrojeni na kabonidayoksaidi. Kwa haidra hiyo ni posho, mshahara bado ni mawindo. Ila njaa ikibana, penye mwanga, mwenye mwani hustahimili kuliko aliyeondolewa wake. Na mtoto anayechipuka ubavuni hutoka nao tayari.

Swali linalokaribiana na lako, kama huyu ni mmea au mnyama, lilimsumbua hata mtaalamu wa viumbe Abraham Trembley kule Uholanzi, miaka ya 1740. Akishuku ni mmea, alimkata vipande viwili aone kama vitachipua kama mmea, na vyote vikawa haidra kamili! Hata hivyo, kuwaona wakitembea na kula ndiko kulikomfanya awaite wanyama.