Kibofu ni safi, na mirija je?

Miaka minne baada ya uvimbe wa saratani kukwanguliwa kwenye kibofu changu cha mkojo, kila nilipoingizwa kamera jibu lilikuwa lilelile: kibofu ni safi. Nikazoea. Asubuhi moja nikaona kwenye mkojo kitu chekundu, chembamba, kirefu kama uzi uliojikunja, na ubavu wa kushoto ulikuwa ukinivuta tangu usiku. Daktari aliniuliza sana juu ya umbo lake. Kumbe damu ikigandia ndani ya mrija unaoshuka kutoka kwenye figo, hutoka na umbo la mrija wenyewe. Uvimbe mpya ulikuwa humo, mahali ambapo kamera ya kibofu haifiki.

Laiti ningeelezwa mapema kwamba utando uliopata saratani haukomei kwenye kibofu. Unaanzia ndani ya figo, unashuka na mirija yote miwili, unapita kibofuni hadi njia ya kutokea mkojo. Sumu za sigara nilizovuta miaka mingi zilichujwa na figo zikapita humo kote.

Sikuandikii haya ukose usingizi. Kati ya waliotibiwa uvimbe wa juujuu, yaani ambao haujazama kwenye msuli wa kibofu, wanaopatwa na haya ni wachache tu katika kila 100. Hatari hupanda kama saratani ilikuwa ya daraja la juu, yaani yenye seli kali, vivimbe vilikuwa vingi, au kimoja kilikaa karibu na tundu la mrija wa figo. Kwa hiyo omba nakala ya majibu ya maabara usome daraja lako, kisha uliza waziwazi: figo na mirija yangu vitapigwa picha lini? Hata aliyetolewa kibofu kizima aulize. Picha hiyo kwa kawaida inahitaji dawa ya kuchomwa kwenye mshipa, basi taja mapema kama figo zako ni dhaifu au dawa hiyo iliwahi kukudhuru.

Na ukiona damu, hata mara moja, hata bila maumivu, nenda. Mimi nilikubali vidonge vya U.T.I. mara mbili bila mkojo kupimwa, na hilo linaniuma mpaka leo.

Figo ya kushoto na mrija wake vimetolewa. Kamera ya kibofu imeanza upya, maana saratani ya figo na mrija nayo huweza kushuka kibofuni. Tarehe ya kipimo kijacho iko kwenye kadi yangu ya kliniki, na mke wangu anayo kwenye simu yake.