Muulize Fundi: Stesheni imehamia dijitali, mbona mimi sioni kitu?

Safari hii meseji zimekuja nyingi na karibu zote zinalia kilio kimoja, stesheni ya karibu imezima mitambo ya analojia imehamia dijitali na watu wamebaki wanaangalia kioo cheusi. Nimechagua chache, zilizofanana nimeziunganisha, ambaye hatajiona asome tu ya mwenzie, jibu lake limo humohumo.

Swali: Fundi habari za kazi. Stesheni yetu ya hapa ilitangaza muda mrefu kwamba inahamia dijitali, mi nikanunua king'amuzi mapema kabisa nikawa natumia bila shida. Siku walipozima ile ya zamani nikaipoteza hiyo stesheni, zingine zote zipo ila yenyewe tu haipo. Na mnara wao nauona kwa macho nikisimama mlangoni!! Nimewapigia wanasema wako hewani, jirani yangu anaiona. Sasa tatizo ni king'amuzi changu au nini?
*Dada wa mlangoni*

Jibu: Nzuri dada yangu. King'amuzi chako ni kizima, kingekuwa kibovu hata hizo zingine zisingekuja. Na waliokwambia wako hewani hawajakudanganya. Kinachokupoteza ni huo mnara unaouona mlangoni, kwa sababu kuna uwezekano mkubwa sana kwamba stesheni yako hairushwi tena kutoka hapo.

Enzi za analojia kila stesheni ilikuwa na mtambo wake na masafa yake, stesheni moja inakula nafasi nzima peke yake. Kwenye dijitali nafasi hiyohiyo moja, yenye upana wa megahezi 8 kwa nchi nyingi, inabeba stesheni kumi na zaidi zikiwa zimefungwa pamoja, ndo hiyo mafundi wanaita multipleksi. Sasa mwenye multipleksi mara nyingi sio stesheni yenyewe, ni kampuni nyingine yenye mnara wake, labda uko mlima wa upande wa pili kabisa. Kwa hiyo stesheni imehama masafa, imehama na mnara, wewe antena yako bado inamwangalia mpangaji aliyeshahama nyumba.

Anza na kuskani upya. King'amuzi kinakumbuka tu kile ilichokikuta siku ya mwisho uliposkani, stesheni ikihamia masafa mengine baada ya hapo haiji yenyewe ikagonga mlango. Futa kwanza orodha yote ya zamani ndo uskani, maana vingine visipofutwa vinang'ang'ania orodha ile ya mwanzo. Ikigoma, wapigie tena hao jamaa ila usiwaulize kama wako hewani, waulize wako kwenye chaneli namba ngapi ya UHF (yale masafa ya juu ya TV), wanarusha kutoka mnara upi, na mawimbi yao yamelala au yamesimama. Hilo la mwisho watu wengi hawalijui: vijiti vya antena vinatakiwa vilale kama mawimbi yamelala, visimame kama mawimbi yamesimama, ukikosea unaweza ukabakiwa na nguvu kidogo mno, hata moja ya mia ya ile uliyotakiwa kupata. Kama hawapokei simu basi toka nje uangalie antena ya huyo jirani anayeona, imeelekea wapi na vijiti vyake vimekaaje, halafu igeze.

Wakati wa kugeuza sasa. Ingia kwenye menyu, sehemu ya kutafuta kwa mkono, weka ile namba ya chaneli, utaona mistari miwili, mmoja wa nguvu mwingine wa ubora. Achana na wa nguvu, macho yako yawe kwenye ubora. Geuza antena kidogo, simama, hesabu sekunde kadhaa, angalia, geuza tena kidogo. King'amuzi kinachukua muda kulishika wimbi, sio kama zamani ukigusa tu antena chenga zinapungua hapohapo. Ndo maana ule mtindo wa mmoja juu ya bati mwingine sebuleni anapiga kelele "bado... bado... hapohapo!" siku hizi unaharibu kazi, akisema hapohapo aliye juu alishapitiliza zamani.

Swali: Mi yangu ilikuwa na chenga kidogo miaka yote lakini naangalia mpaka mwisho wa taarifa ya habari. Sasa hivi picha safi kweli kama kioo, halafu ghafla inaganda, inakuwa vijiboksi vijiboksi, sauti inakatikakatika, mara imeandika hakuna signali. Hii dijitali si ndo walisema bora zaidi?

Jibu: Ni bora, ila haina huruma. Analojia mawimbi yakipungua na picha inapungua nayo taratibu, unaongezewa chenga, unaongezewa kivuli, ila mtu bado unamtambua. Dijitali inatuma namba, na pamoja na hizo namba wanatuma za ziada za kurekebishia zilizoharibika njiani. Makosa yakiwa machache king'amuzi kinayarekebisha yote na wewe unaona picha safi hata kama mawimbi yanayokufikia ni hafifu. Makosa yakizidi uwezo wake, basi, hakuna cha katikati, inaganda na kufa. Kwa hiyo wewe uliyekuwa na chenga miaka yote ulikuwa tayari una mawimbi hafifu, ni vile tu analojia ilikuwa inakuvumilia. Sasa uko ukingoni kabisa, tawi la mti likitikisika na upepo, pikipiki ikiwashwa pembeni, mtu akiwasha taa mbovu ya LED, unadondoka.

Kabla hujanunua kitu chochote kagua waya. Nasema waya kwa sababu hapo ndo penye magonjwa mengi na hapo ndo watu hawaangalii. Fungua ile kichwa inayoingia kwenye king'amuzi, uangalie kama kuna hata unyuzi mmoja wa ule wavu wa nje umegusa waya wa katikati, ukigusa umeshaua signali. Panda juu uangalie inapoungana na antena, kama shaba imekuwa nyeusi au ya kijani maji yameshaingia, kata hicho kipande chote mpaka ufike penye shaba inayong'aa. Tumia waya wa omu 75, RG-6 inatosha sana, na usiunge vipande vipande kwa kusokota na selotepu. Kama umegawa waya mmoja kwa TV mbili ujue kila TV inapata nusu, na nusu kwa mtu aliye ukingoni ni sawa na hakuna.

Wengi wameuliza pia kuhusu busta. Busta haitengenezi signali, inaongeza kilichopo, pamoja na uchafu uliopo. Ikae juu karibu na antena, kabla waya haujapoteza nguvu, ile ya kuchomeka nyuma ya TV inakuza kitu ambacho kimeshaharibika njiani. Na kama unakaa karibu na mnara usiiguse kabisa! Mawimbi yakiwa makali kupita kiasi king'amuzi kinazidiwa, utaona mstari wa nguvu umejaa na wa ubora uko sifuri, mtu anaongeza busta ya pili anashangaa mambo yanazidi kuwa mabaya.

Swali: Fundi, dukani wameniambia lazima ninunue "antena ya dijitali" kwa sababu hii yangu ya juu ni ya analojia. Kweli au napigwa?

Jibu: Unapigwa mdogo wangu. Antena ni chuma, inapokea mawimbi, haijui wala haijali kama ndani yake kuna namba au picha ya kizamani. Hakuna kitu kinaitwa antena ya dijitali, kuna lebo ya dijitali imebandikwa kwenye boksi.

Kitu cha kuuliza ni masafa. UHF kwenye megahezi 600 wimbi lina urefu wa nusu mita, kwa hiyo kijiti chake, ambacho ni nusu ya wimbi, ni kama sentimita 25. VHF, yale masafa ya chini yake, kwenye megahezi 200 wimbi ni mita moja na nusu, kijiti kinafika sentimita 75. Ndo maana vile viantena bapa vya kubandika ukutani vinakubali UHF vizuri, ukija kwenye VHF vinasuasua. Dijitali sehemu nyingi iko UHF ila sio zote, na hii iliwahi kuwaumbua wakubwa. Marekani walipozima analojia tarehe 12 Juni 2009, stesheni ya WLS ya Chicago na WPVI ya Philadelphia, ambazo kipindi cha mpito zilikuwa zinarusha dijitali kwenye UHF, zikarudi VHF kwenye namba zao za zamani, ya kwanza 7 na ya pili 6. Watu waliokuwa wanaziona dijitali safi kabisa mpaka jana yake wakazikosa, wengine hawakuskani upya, wengine viantena vyao vya ndani VHF haviwezi. Malalamiko yakawa mengi mpaka mamlaka ya mawasiliano ya huko, FCC, ikaziruhusu ziongeze nguvu, na WLS baadaye ikarudi zake UHF. Sasa kama stesheni kubwa za mijini vile ziliyakuta hayo, usishangae hiyo ya kwenu.

Kwa hiyo antena yako ya juu iache hapohapo, pima vijiti vyake, uliza stesheni iko wapi. Antena ya zamani iliyo juu ya bati inaishinda mpya iliyo nyuma ya TV karibu kila siku.

Swali: Kijana wangu, mimi ni mzee, nina TV ya chogo, bado nzima kabisa. Wajukuu wananiambia niitupe kwa sababu haitaweza dijitali. Pia mwanangu aliniletea nyingine bapa kutoka Marekani, imeandikwa dijitali kabisa, lakini nikichomeka antena haipati hata stesheni moja.

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Usiitupe. Chukua king'amuzi, chomeka antena kwenye king'amuzi sio kwenye TV, halafu zile waya tatu, njano ni picha, nyeupe na nyekundu ni sauti, zichomeke kwenye TV na ubonyeze rimoti ya TV mpaka iandike AV. TV yako inabaki kuwa kioo tu, kazi yote inafanywa na king'amuzi. Ukiona watu wamekuwa warembamba na warefu ingia kwenye menyu ya king'amuzi ubadilishe umbo la picha liwe 4:3, utapata mistari myeusi juu na chini ila sura za watu zitarudi kama Mungu alivyoziumba.

Hiyo ya Marekani nayo sio mbovu. Neno dijitali pale linasema ukweli ila ni dijitali ya kwao, ATSC, wakati nchi nyingi za Afrika zimechukua DVB-T2 (Botswana wao walienda na mfumo wa Kijapani). Mifumo hii haisikilizani hata kidogo. Tumia king'amuzi hichohicho kwa waya wa HDMI, angalia tu umeme wake maana za kule nyingine ni za volti 110, ukiichomeka kwenye 230 bila transfoma inaondoka na moshi. Na kwa wanaonunua TV mpya, muulizeni muuzaji kama ndani ina DVB-T2, ile mbili mwishoni ndo muhimu, yenye DVB-T peke yake haitasoma T2 hata uskani mpaka asubuhi.

Swali: Kwani walilazimika kuzima ya zamani? Si wangeacha zote mbili kila mtu achague?

Jibu: Zingeachwa zote nafasi isingetosha. Nchi za Afrika, Ulaya na majirani zao zilikubaliana Geneva mwaka 2006 kwamba ikifika tarehe 17 Juni 2015 analojia ya mpakani haitalindwa tena, yaani jirani yako akirusha dijitali akakuvuruga huna pa kushtaki. Baadhi ya nchi zikaongezewa mpaka 2020 kwa upande wa VHF. Halafu kuna suala la simu: masafa ya juu ya UHF yaliyobaki wazi yakagawiwa mitandao ya simu kwa ajili ya intaneti. Pesa iko huko, tusidanganyane. Na kwa taarifa yako, kama unakaa jirani na mnara wa simu na TV inaganda bila sababu, huenda ni hao, tafuta kichujio cha 4G, ni kidude kidogo cha kuweka kati ya waya na king'amuzi.

Swali: Jirani anasikiliza mpira redioni, mimi naangalia kwenye TV, yeye anashangilia goli mimi bado naona kona inapigwa. King'amuzi changu ni cha polepole?

Jibu: Wala. Picha inafinywa kule stesheni, inafungwa na zingine, inasafiri, inafunguliwa kwako, kila hatua inakula muda na hakuna kitufe cha kuondoa. Ukihamia dishi unaweza hata ukachelewa zaidi, maana inapanda mpaka setilaiti kilomita karibu 36,000 na kushuka. Redio ya FM haina mlolongo huo. Funga dirisha la upande wa jirani, na saa yako usiiseti kwa saa ya kwenye taarifa ya habari.